Imba kwa aliye nyuma ya ukuta

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu kaniletea sauti kwenye WhatsApp. Dakika 4 nzima anaimba, na kwa haki ya Mungu anaimba vizuri. Chini yake kaandika: "Shangazi, nataka nifike alikofika Siti binti Saad. Nianzie wapi?" Kabla sijajibu ikaingia picha. Kavaa gauni la kumetameta, hina mpaka kwenye viwiko, kashika maikrofoni ya kuazima. "Hii ndiyo niiweke mbele, au ile ya buluu?"

Nikamwambia weka ya buluu, inakaa vizuri na hina. Lile swali la kwanza, la Siti, mwimbaji mkubwa wa taarabu wa zamani hapa Unguja, nikalinyamazia siku tatu, maana si la kujibiwa kwa kidole gumba. Nalijibu hapa, kwa ajili yake na kwa wasichana wengine wanaonisimamisha Darajani nikiwa na kikapu mkononi na samaki anaharibika, wakaniuliza hilo hilo.

Kwanza mnijue anayesema. Mie si nyota. Nimezaliwa Wete, Pemba, nimekulia huko huko, na mwaka 1993 nikavuka kuja Unguja kukaa kwa mjomba, Miembeni. Nimeimba taarabu asilia zaidi ya miaka 20 katika klabu moja ya mjini ambayo sitoitaja, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema hayatowafurahisha wenzangu. Miaka sita ya mwanzo nilikuwa mwitikiaji tu: nakaa safu ya nyuma na sare yangu, naitikia kibwagizo, narudi nyumbani. Nyimbo zilizokuwa zangu, yaani nilizopewa mie niziongoze, ni nne. Moja katika hizo bado hupigwa harusini na watu hawajui kama sauti ile ni ya huyu mama anayewashonea sare za watoto wa skuli. Huo ndio umaarufu wangu, upimeni wenyewe.

Sasa tuje kwa Siti. Alizaliwa Fumba, kusini ya mji, kiasi cha mwaka 1880. Baba asili yake Unyamwezini, mama Mzigua, na jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Lisomeni tena jina hilo. Soko la watumwa hapo Mkunazini lilikuwa limefungwa miaka michache tu nyuma, 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897. Mtoto kaitwa kwa jina la hali aliyoikuta duniani. Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima, ni jina la baadaye, alilopewa na watu waliokwisha kumsikia.

Skuli hakwenda. Kusoma hakujua, kuandika hakujua. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi, na ndiyo iliyomsomesha. Vyungu vikishakauka na kuchomwa anajitwisha, anakuja navyo mjini kwa miguu, na kutoka Fumba mpaka mjini si mwendo wa mchezo hata leo ukiwa ndani ya daladala. Aliyewahi kujitwisha chungu anajua: hugeuki ovyo, huinami, shingo imesimama kama mlingoti na kifua kimefunguka upende usipende. Nawajua walimu wa sauti wanaolipwa fedha kuwafundisha watu wasimame hivyo.

Lakini mkao si kitu mbele ya jambo la pili. Fikirieni mjini wakati ule. Wanaotaka chungu ni wanawake, nao wako ndani. Mwenye chungu yuko uchochoroni. Kati yao kuna ukuta mnene wa mawe na chokaa, na mlango wenye misumari ya shaba. Sura yako haiuzi kitu hapo. Inauza sauti, na tena si sauti tupu. Aliye ndani anakuna nazi, mtoto analia, jogoo anawika, na katikati ya hayo yote lazima asikie unauza nini, na asikie kabla hujapita mlango wake ukaishia kwa jirani. Wanaosimulia habari za Siti husema sauti yake ilikuwa ikitangulia, mwenyewe akafuata nyuma. Ndio maana nikisikia mtu anasema Siti alianza kuimba 1911 alipohamia mjini, namwona hajawahi kutembeza kitu. Mjini ndiko watu walikoanza kumlipa.

Nayajua haya kwa vitumbua.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama ananipa sinia alfajiri, nachukua njia ya Utaani mpaka Limbani. Siku za mwanzo nilikuwa naita kwa aibu na haraka, nataka niyamalize, narudi na sinia karibu limejaa. Mama hakunipiga. Jioni akanisimamisha uani, yeye akaingia chumbani akafunga mlango, akasema haya, ita. Nikaita. Kutoka ndani akasema, "Nasikia mtu analia. Kafiwa na nani?" Nikaita tena. "Nasikia tumbo. Nani anaumwa na tumbo?" Nikaanza kucheka, akanikemea nisicheke, nikaita mara ya tatu, ya nne. Nikagundua mwenyewe kwamba nikiikanyaga ile "tu" na kuivuta kidogo, halafu "mbua" nikaiacha ishuke polepole, neno linafika zima. Akafungua mlango. "Haya, sasa nimesikia vitumbua. Vya moto au vya jana?"

Hilo ndilo somo langu la kwanza la kuimba na mpaka leo sijapata lililolizidi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mwanangu, utakuudhi: katembeze kitu kwa mdomo. Kachori, visheti, ubuyu, chochote. Mwezi mmoja. Usiuze kwenye simu kwa picha. Pita mtaani uite, na hesabu nani katoka mlangoni.

Siti alipohamia mjini alikuwa na miaka 30 na kidogo, alikwisha kuolewa na kuzaa. Nalisema kwa wale mnaonambia mna miaka 23 na mmechelewa. Mjini akakutana na Muhsin Ali, mtu wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoundwa 1905 na ambayo bado ipo, watu huiita Malindi, kwa jina la mtaa wa hapa mjini. Taarabu wakati ule ilikuwa ya wakubwa na ya wanaume. Ilianza kwenye kasri, enzi ya Sayyid Barghash aliyemtuma Mohamed bin Ibrahim mpaka Misri akajifunze ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayopigwa mapajani, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Mfinyanzi wa Fumba kuikaribia haikuwa jambo la kawaida. Muhsin Ali akamsikia, akakaa naye, akamfundisha. Nyuma yake wakaja akina Buda Swedi, Mbaruk na Subeit Ambar, likawa kundi.

Hapo ndipo napataka. Mama mzima anakaa chini mbele ya mwalimu kama mtoto wa chuoni, na hajui kusoma. Kila ubeti aliuingiza kichwani kwa sikio, wa Kiswahili na wa Kiarabu. Mtu asiyesoma hana pa kukimbilia: neno ama analo ama hana. Ninyi neno liko kwenye simu, simu iko mbele ya uso, na mnadhani mnalo.

Msinione natukana. Mie nilikuwa na kaseti.

Mwaka wa saba klabuni ndio nikapewa wimbo. Kwetu mtu hajichukulii wimbo: mshairi analeta shairi, fundi analitia mahadhi, kisha wakubwa wanakaa wanaangalia sauti ipi itaubeba. Nikaitwa, nikapewa. Kwa furaha ile sikutaka kusumbua mtu. Fundi alikuwa kaurikodi kwenye kaseti, mwenyewe anaimba kwa sauti ya mafua na ganuni imemfunika nusu. Nikaichukua, nikaisikiliza nyumbani mpaka utepe ukachoka. Mshororo wa kwanza ulikuwa na maana ya kawaida kabisa, mtu anamlilia kipenzi chake. Ulikwenda karibu na hivi, maana wenyewe sitouandika: "Nyonda wangu wa zamani, waniacha na majonzi."

Nyonda ni kipenzi. Neno la washairi, la watu wazima. Mie wakati ule silijui, sikupata kulisikia kwetu, na kaseti ilikuwa imechoka. Nikasikia "nyonga".

Mazoezini tulikuwa tunapiga kwa haraka, mpiga udi anatafuta sauti yake, hakuna aliyesikiliza maneno. Tukavuka kwenda Pemba kwenye harusi, na harusi yenyewe Wete, kwetu, mama yangu kakaa mstari wa tatu na kanga mpya. Ikapigwa bashrafu, muziki wa ala tupu wa kufungulia, mie nikasimama, mikono nimeiweka kama inavyotakiwa, nikafungua kinywa, na mbele ya wanawake kiasi cha mia mbili nikailalamikia nyonga yangu ya zamani.

Na mnajua mshororo wa taarabu hauimbwi mara moja. Unauimba, ala zinajibu, unaurudia. Mara ya kwanza kulikuwa na kimya cha watu wanaotazamana. Mara ya pili bwalo likapasuka. Wanawake wakasimama kutunza kwa vicheko, noti zinapepea, mmoja anacheza huku kajishika kiuno akitembea kama mgonjwa. Nikadhani nimepata! Nikautia nguvu zaidi. Ala zikafika kituo, ajuza mmoja aliyekaa mbele kabisa akanivuta pindo la gauni, akasema taratibu, "Mwanangu, nyonga dawa yake kuchua. Aliyekuacha ni nyonda."

Ubeti wa pili niliuimba, wa tatu niliuimba, na siwezi kuwaambia niliuimbaje. Mama hajaacha kunitania mpaka kafariki.

Tuliporudi Unguja, mzee mmoja mpiga ganuni, Maalim nitamwita hivyo hivyo, akaniita kwake. Hakunicheka. Kavaa pete zake za kupigia, moja kila kidole cha shahada, ganuni ipo mapajani, akasema, "Sauti unayo. Maneno huna. Na watu hawaji kusikiliza sauti, sauti hata njiwa anayo." Akaniambia nije kila Jumanne baada ya laasiri.

Nikaja. Nikidhani tutafanya sauti, tupande tushuke. Hapana. Kazi ya kwanza ilikuwa kunieleza shairi kama hadithi: nani anasema, anamwambia nani, yule wa pili kafanya nini, na kwa nini mshairi kachagua neno hili akaliacha lile. Kisha nilieleze mie, kwa maneno yangu, bila ya kuimba. Kisha nilisome, mizani kwa mizani, nane na nane, nikihesabu kwa vidole. Na marufuku kuvuta pumzi katikati ya neno. "Pumzi," akisema, "inavutwa penye koma ya mshairi. Ukivuta kwengine umeandika shairi jengine." Wiki tatu zimekwisha sijaimba hata sauti moja.

Alipokubali niimbe, hakukaa yeye kunisikiliza. Alinikalisha barazani nikiupa mgongo mlango, na ndani uani mkewe kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Bi Mkubwa huyo hakuwa na khabari wala hamu na nyimbo zetu, alikuwa na wali wake. Sharti la Maalim lilikuwa moja: niimbe, na Bi Mkubwa, huku mbuzi inalia khwa, khwa, khwa, aseme nimesema nini. Nikaimba. Mbuzi haikusimama. Akapaza sauti kutoka ndani: "Maalim, huyo mtoto anadai nini?"

Tulikwenda hivyo Jumanne nyingi. Nilikuwa najitahidi kupaza, anasema, "Sasa anagomba." Napunguza, anasema hasikii kitu. Nikaja kutambua kwamba haikuwa suala la nguvu hata kidogo. Silabi ya mwisho ya neno ndiyo nilikuwa naimeza, kwa sababu akili yangu imeshaondoka inakimbilia pambo la sauti linalofuata. Wengi wenu mnameza hapo hapo. Jirikodini msikie: "majonzi" inatoka "majonz", "zamani" inatoka "zama", halafu kuna kupepesa sauti kurefu kuzuri juu ya neno ambalo halikufika. Pambo liko juu ya nguo ambayo haijashonwa.

Siku moja nikaimba, mbuzi ikasimama. Kimya. Halafu Bi Mkubwa, kwa hasira ya kweli: "Kamwacha? Na yote aliyomfanyia?" Maalim akazivua pete zake, akaniambia nenda, Jumanne ijayo usije.

Ndipo nikamwelewa Siti. Wapinzani wake walikuwa na sura na ukoo, naye hana. Walimwimbia, na mpaka leo watu wanalikumbuka tusi lile, kwamba alikuwa mtu lini yeye, kaingia mjini na kaniki, kama si sauti angekula nini. Kaniki ilikuwa nguo ya mtumwa na ya mshamba; walikuwa wanamwambia rudi pale kwenye jina lako la kwanza. Akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Angalieni alivyojibu. Hakusema na mie mzuri. Hakusema mtaona. Alihamisha mchezo kutoka kwenye macho akaupeleka kwenye masikio, uwanja ambao wao hawana kitu na yeye kazaliwa nao.

Na alikuwa na la kusema, hilo msilisahau. Alichukua taarabu ya Kiarabu ya wakubwa akaiimba kwa Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge nje ya Mji Mkongwe, na ndani yake akatia mambo yaliyokuwa yanatokea. Kuna wimbo wake juu ya mwanamme aliyemuua mwanamke mgeni kisha akavuka bara, akasalimika, na walioingia jela wakawa wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Mwimbaji anayemeza silabi hawezi kuimba wimbo kama ule. Watu walikuwa wanataka kujua: nani kafanya, nani kafungwa, hakimu kasema nini. Ulikuwa wimbo na ndiyo khabari.

Mwaka 1928 akapelekwa Bombay na kampuni ya santuri, akarikodi yeye na kundi lake. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurikodiwa. Watu husimulia jambo hili kama ushindi wa sauti yake, na ni kweli, lakini mie hulitazama kwa upande mwengine. Santuri haina uso. Ni chungu uchochoroni tena: msikilizaji yuko Lamu, yuko Tanga, yuko Pemba kwenye mkahawa, haoni mtu, anaona sahani nyeusi inazunguka. Mwimbaji aliyezoea kuuza kwa sura angepotea pale. Siti alikuwa na miaka mingi ya kuwaimbia watu asiowaona. Alifariki Julai 1950, na redio yetu ya Sauti ya Unguja ilianza mwaka uliofuata, 1951. Kwa hiyo wengi wa waliompenda hawakumwona hata siku moja, na hawakuona wamekosa kitu.

Nikija kwenu. Najua mtanambia zama zimebadilika, sasa kila kitu ni video, asiye na uso hana wafuasi. Inawezekana. Sina ugomvi na gauni, mie ni mshonaji, gauni ndilo linalonilisha. Lakini fanyeni jaribio moja la bure. Rikodini video yenu, kisha geuzeni simu kifudifudi juu ya meza, mwite mtu aliye jikoni, mwulizeni huyo kasema nini. Akikwambia "anaimba mapenzi", hujaimba. Nyimbo zote ni za mapenzi.

Na mwalimu mtafuteni. Sisemi lazima awe na cheti. Wapo wazee kwenye klabu zetu, za Malindi na za Vuga, wanakaa jioni wanasubiri mtu aje awaulize. Nendeni mkawabebee ganuni. Mwenye uwezo wa ada, tangu 2002 tuna chuo chetu cha muziki wa nchi za jahazi, kilichoanzia jumba la forodha ya zamani pale Mizingani, na vijana waliopita pale nimewasikia, wamefundishwa. Ila chuo kitakupa ala na noti. Nyonda na nyonga utaambiwa na bibi yako.

Juu ya fedha nitasema mafupi, yananikera. Tunzo si yako. Mtu akija anacheza akakutia noti mkononi, furaha ni yako, noti inaingia kwenye hesabu ya klabu, na fungu lako mwisho wa usiku linatosha nauli na sabuni. Nimelea watoto watatu kwa cherehani, si kwa koo. Usiache kazi kwa ajili ya nyimbo nne. Na wimbo wenyewe si wako: maneno ni ya mshairi, mahadhi ni ya fundi, wewe una sauti tu, basi hakikisha hicho kidogo kimeandikwa. Mie mwenye studio mmoja alinirikodi kwa ahadi ya mdomo, wimbo ukaja kuuzwa umepachikwa jina la mwengine, na nilipokwenda kumwuliza akanimiminia chai. Chai ilikuwa nzuri. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu 2003 na ina ofisi yake, COSOZA. Nendeni mkasajili kabla ya chai.

Na msiniulize mtafika lini. Bi Kidude, binti Baraka, mtoto wa muuza nazi wa Mfagimaringo, aliimba hapa hapa, kwenye harusi na kwenye unyago, nyimbo za Siti na zake, miaka na miaka, na dunia ya nje haijui kama yupo. Tuzo ya WOMEX, maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, kaipata 2005, ajuza. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 alizikwa na umati kama wa kiongozi wa nchi. Angekuwa anahesabu miaka angeacha ana 40.

Basi. Jumamosi huyo mtoto akaja mwenyewe. Kaacha gauni kwao, alhamdulillahi, kaja na baibui na simu yake. Nikamwambia simu weka juu ya kabati. Akataka kuimba. Nikamwambia huimbi leo. Nikamtoa uani, nikamsimamisha karibu na ukuta, ule tunaopakana na jirani yangu mwenye kelele za mashine ya kufulia na watoto wanne, nikamwambia aite vitumbua.

Alinitazama kama nimeingiwa na wazimu. "Shangazi, vitumbua?"

"Vitumbua. Vya moto."

Mara ya kwanza aliita kama anayemwita paka. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikamwambia nasikia mtu anaumwa na tumbo. Akacheka. Akaita tena, sasa kapaza, kaikaza shingo, sauti imempanda puani. Nikamwambia anagomba. Alirudia nadhani mara kumi na tano, na kila mara namwambia kilichonifikia, hata akaacha kucheka, akawa ananyamaza kidogo kabla ya kuita, anafikiri. Hapo nikajua kuna kitu. Kisha akaita moja, wala haikuwa kubwa: "vitu" ikasimama, "mbua" ikashuka, na "vya moto" ikaja nyuma yake kama mvuke.

Mashine ya jirani ikazimwa.

Nikangoja. Naye kule nje kanyamaza, hajui kama amepata au amekosa. Mara mlango wa mbele ukagongwa. Nikafungua, kasimama mtoto wa jirani, wa kiume, miaka sita au saba, ana sahani ya bati na noti imekunjwa kwenye ngumi.

"Mama kasema vya elfu mbili."

Vitumbua hatuna. Mchele hata haujarowekwa. Nikamtilia visheti vya jana kwenye sahani, nikamrudishia noti yake, nikamwambia amwambie mama yake vitumbua kesho asubuhi. Niligeuka, nikamkuta mtoto wa kaka yangu kasimama nyuma yangu, baibui limemteleza kichwani, anauangalia mgongo wa yule kijana anavyorudi kwao.

"Shangazi," akasema, "mchele upo kilo ngapi?"